Kipoozeo cha Maji na Sikio la Baba

Jumatatu, 4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sianzi na yale ya "mimi ni mzima, hofu ni kwako", maana ulishasema barua inayoanza hivyo imeandikwa na mtu anayetaka kuomba kitu. Mimi nataka kuomba kitu, kwa hiyo naenda moja kwa moja.

Ndani ya boksi hili kuna kipoozeo cha maji cha kompyuta. Prosesa ya kompyuta yako ya mezani, ile niliyokufungia mwenyewe, sasa hivi inapozwa na feni tupu. Hiki hutumia maji. Kibati kidogo chenye pampu kinakaa juu ya prosesa na kunyonya joto, maji yanapita kwenye mipira miwili mpaka kwenye rejeta, sawa na ya gari ila nyembamba, feni mbili zinaipulizia, kisha maji yanarudi yakiwa yamepoa. Maji yamefungwa humo tangu kiwandani. Huongezi, hupunguzi, na nakuomba kwa heshima zote usichokonoe.

Bosi anataka kuagiza vingi kwa sababu bei yake ni karibu nusu ya vile vinavyojulikana. Safari hii amenikabidhi mimi nipime kabla hajaagiza. Miaka mitatu dukani nimekuwa nafungua maboksi na kufuta vioo vya makabati, na hii ni mara ya kwanza naulizwa naonaje. Baba, nikikosea hapa narudi kwenye kitambaa cha vumbi.

Joto nimeshapima. Nilibebesha kompyuta kazi nzito saa nzima: kwa feni ya zamani prosesa ilifika digrii tisini na moja, kwa hiki haikupita sitini na nane. Vitu vya bei ndogo huwa vinadanganya kwenye boksi, lakini kwenye joto hiki hakijadanganya. Kinachonishinda ni sauti. Jirani wa duka ni fundi wa madirisha, anakata vyuma kutwa nzima, hapa hata ngoma ingeonekana inanong'ona. Ninakopanga nako ukuta ni wa mbao na jirani ana watoto wanne. Wewe una chumba kimya na una sikio ambalo mtaa mzima umelipa jina. Kifunge, kipe siku tatu, uniambie: kimya, au si kimya?

Rejeta ifungwe juu ya kasha la kompyuta, kwenye dari lake. Maelezo yako kwenye karatasi.

Nilikupigia Jumapili. Ulisema "halo" mara tatu halafu ukampa Mama simu. Najua, najua, simu ni ya watu wasio na subira, na watu wazima huandikiana. Mwaka wa pili huu nakuandikia, na angalau mwandiko wangu umenyooka.

Msalimie Mama.

Bisibisi wako


Jumatatu, 11 Machi

Bisibisi,

Marahaba. Boksi limefika, kona moja imebonyea lakini cha ndani ni kizima. Mama yako alidhani umeniletea mashine ya kupima presha, akaanza kukunja mkono wa shati langu.

Nimekifunga Jumanne. Feni ya zamani ilitoka na vumbi la kutosha kupanda mchicha. Ile dawa nyeupe ya kupaka juu ya prosesa nimepaka kidogo, kiasi cha punje ya mchele, kama ulivyonifundisha. Karatasi ya maelezo nimeisoma, lakini michoro yake imechorwa na mtu asiyewahi kushika skrubu, basi nikafuata kanuni zangu. Miaka arobaini nafungua na kufunga redio za watu, sikio halipiti kichwa.

Baada ya hapo nikaipa kazi. Kuna mama mmoja ameniletea kanda ya marehemu mumewe, akizungumza kwenye harusi ya mdogo wake. Anataka niihamishie kwenye kompyuta na kuondoa mkwaruzo wa kanda ili abaki mume peke yake. Kazi hiyo ndiyo inayochemsha prosesa kuliko zote. Nimeiendesha siku tatu mfululizo, na joto halikupita sabini.

Sauti: kimya. Nimekaa mbele yake, nimeegemeza kichwa kwenye kasha, nimeweka kiganja juu. Kutetemeka kidogo tu kwenye kiganja. Kwenye sikio hakuna kitu. Mwambie bosi wako aagize, na mwambie nani kasema.

Nimefurahi umeniuliza. Siku hizi watu wanaiuliza simu kila kitu.

Baba yako,
Sikio


Jumatano, 20 Machi

Baba,

Bosi ameagiza, na mzigo umeshafika! Alisoma barua yako, nami nilikuwa nimesimama nyuma yake nikijifanya napanga waya. Alipofika kwenye mchicha akacheka, alipofika kwenye "kimya" akasema, "Basi." Neno moja tu, lakini kwa mtu yule ni hotuba.

Nimetengeneza kikadi cha kuweka kwenye kabati. Kinasema: "Kinapoza vizuri. Bei nafuu. Kimya, kwa sikio la fundi redio wa miaka arobaini." Wateja wanauliza huyo fundi ni nani. Nawaambia ni siri ya duka.

Kimoja amekichukua leo msomaji mmoja. Kazi yake ni kusoma vitabu kwa sauti na kuvirekodi, wasioona wasikilize. Amesema feni ya kompyuta yake inaingia kwenye kila ukurasa na amechoka kuomba radhi. Nimemhakikishia. Nimesema, "Baba yangu amekaa nacho siku tatu."

Nakwambia ukweli, Baba, nilipotoka kazini nilitembea mpaka nyumbani bila kujua nimetembea.

Bisibisi


Jumanne, 2 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Yule msomaji amerudi. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliweka kipoozeo juu ya meza, akatoa simu yake, akaniwekea alichorekodi. Nyuma ya sauti yake kuna mlio mwembamba, mrefu, usiokatika. Ilibidi tuingie stoo tufunge mlango, na hata na yule mkata vyuma nje niliusikia. Amerekodi kitabu kizima, Baba, sura kumi na nne. Aligundua baada ya msikilizaji wake mmoja kumuuliza kwa nini kuna mdudu ndani ya hadithi.

Nilidhani ni kimoja kibovu. Nikafungua vingine vitatu, nikaviwasha humo stoo baada ya mkata vyuma kwenda kula. Vyote vina mlio. Ni pampu, zimetengenezwa hivyo. Mtu yeyote aliyekaa nacho dakika tano kwenye chumba kimya angesikia.

Bosi alikichukua kile kikadi kutoka kwenye kabati, akakikunja mara mbili, akanipa mkononi.

Sasa nauliza na sitaki unifiche. Ulikifunga kweli? Au ulikitoa kwenye boksi, ukakipenda kwa sababu nimekituma mimi, ukaandika yale ya mchicha ili nifurahi? Kama ndivyo, umenivika kilemba cha ukoka mbele ya watu wanaonilipa. Mimi sikuomba sifa. Niliomba sikio lako.

Bisibisi


Jumatatu, 8 Aprili

Binti yangu,

Nilikifunga. Nilikipa siku tatu kama nilivyosema. Nilichokuandikia ndicho nilichosikia.

Sijawahi kumwambia mteja redio yake imepona wakati haijapona, sembuse mtoto wangu. Asante ya punda ni mateke, lakini sikudhani punda huyo nimemlea mimi.

Kama hunitaki tena kwenye mambo ya duka lako, usiniulize.

Baba yako


Jumanne, 9 Aprili

Mwanangu,

Hii naiandikia kwenye meza ya cherehani. Baba yako yuko chumba cha pili anadhani nakata kola. Barua yako nimeisoma. Aliiacha chini ya mto kama mtu anayetaka isomwe.

Baba yako hasikii.

Nimeandika, sasa nimepumua. Si kwamba hasikii kabisa. Sauti nene anazipata, mlango ukibamizwa anaupata, mtu akisimama mbele yake na mwanga ukiwa mzuri anamsoma mdomo na utadhani anasikia kuliko wewe. Lakini vitu vyembamba vimeshamtoka. Birika likipiga mluzi haligeukii. Kile kioo cha kunyolea alichopigilia ukutani mbele ya meza yake ya kazi, wewe ulimcheka kwamba uzeeni ndiyo anaanza kujipenda, kumbe ni cha kuona nani anaingia nyuma yake.

Na simu hakuikataa kwa sababu ya subira. Simu haina mdomo wa kutazama. Ulipokuwa unapiga alikuwa anakisia, anasema "ndiyo" mahali pa "hapana", na siku moja ulimwambia umeumwa akakujibu "vizuri sana". Nilipomweleza baadaye alikaa kitandani nusu siku. Kesho yake akatangaza kwamba watu wazima huandikiana barua.

Hiyo mashine yako, mwanangu, mimi ninayo masikioni mwezi mzima. Kwanza inasukutua, gugugu, kama mtu anayesafisha kinywa asubuhi. Halafu juu ya hapo kuna kale kamlio, kama mbu aliyeingia ndani ya chandarua. Kile kibati kirefu chenye feni mbili amekiweka chini kabisa ya kasha. Anasema kitu kizito hukaa chini, ndivyo redio zilivyo. Nilimuuliza, "Hiyo si inapiga kelele?" Akanitazama, akaniambia, "Wewe na cherehani yako." Nikaona uso wake, nikarudi kwenye cherehani.

Na kuna lile la kanda. Mama wa watu alikuja kuchukua ya marehemu mumewe, tukaisikiliza wote watatu. Mkwaruzo wa kanda ulikuwa uleule, mume yuko huko nyuma kama anayeongea kwenye mvua. Baba yako anatabasamu, anangoja kushukuriwa. Yule mama alinitazama mimi. Nikamwambia, "Kanda yenyewe ilikuwa imechakaa sana." Akashukuru, akaondoka nayo. Mimi ndiye niliyemsaidia mume wangu kumdanganya mjane, na hilo ndilo lililonishinda nguvu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tumeyaficha wawili, miaka miwili.

Usimwambie nimekuambia. Ila usimwache na ile barua yako.

Mama yako


Jumatatu, 15 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena kwa ile niliyoiandika kwa hasira.

Naomba radhi. Mpimaji wa duka ni mimi, si wewe. Kipoozeo kilikuwa mikononi mwangu kabla hakijafika kwako, na ningeweza kungoja yule mkata vyuma aende kula, nikakiwasha stoo kama nilivyofanya baadaye. Sikufanya hivyo kwa sababu nilitaka kuandika "baba yangu" kwenye kikadi. Hiyo ni tamaa yangu, na kumtupia mzazi makosa yangu ni uhuni.

Bosi nimemweleza hivyohivyo. Amenipa nafasi ya kupima upya, joto na sauti, kwa wiki nzima. Msomaji nimemrudishia feni yake ya zamani nikiwa nimeisafisha, mpaka tuone.

Nina jambo moja la zamani. Nilipokuwa na miaka tisa nilikuwa nakaa kwenye kile kiboksi chini ya meza yako. Aliingia mzee mmoja na redio, nikaruka nikamuuliza, "Imeharibika nini?" Alipoondoka ukaniambia mteja haulizwi imeharibika nini, hilo ni la fundi kujua, na tena utamtia aibu bure kwa kitu ambacho hakukivunja yeye. Mteja huulizwa, "Inakusumbua nini?" Ukiuliza hivyo, ulisema, atakueleza mpaka ya nyumbani kwake.

Nimekuwa nikitumia swali hilo dukani kila siku, kwa watu nisiowajua. Kwako sijawahi kulitumia. Baba, inakusumbua nini?

Huna haraka ya kunijibu. Lakini nitakuwa nauliza.

Mwanao


Jumatano, 24 Aprili

Bisibisi mwanangu,

Marahaba. Mama yako amekuambia. Usimtetee. Nilimwona kwenye kioo akibandika stempu.

Barua hii nimeianza mara tano. Ya nne ilikuwa nzuri, ila ilikuwa ya uongo.

Sikio langu limeniaga kidogo kidogo, kwa adabu, ndiyo maana sikushtuka. Kwanza ndege wa asubuhi. Nikadhani wamehama, nikawalaumu waliokata ule mti wa jirani. Halafu birika. Halafu watu wote wakaanza kuongea kama wana uji mdomoni, nikasema kizazi hiki hakijui kutamka. Ukitaka kujidanganya hukosi sababu, mwanangu, mimi nilikuwa na ghala zima. Mpaka siku ile ya simu, ulipoumwa nikakujibu "vizuri sana".

Sasa kuhusu kipoozeo. Nilikaa mbele yake, kama nilivyokuandikia, nikaegemeza kichwa, nikasikia kimya. Nilifurahi. Nilijiambia, kumbe bado tupo. Sikujua kwamba kile kimya kilikuwa changu, si cha mashine. Ulipouliza kama nilikifunga kweli, niliumia kwa sababu moja tu: lilikuwa swali la haki. Nilikwenda nikamwambia mama yako akiwashe na kukizima nikiwa nimefumba macho, nami nimtajie. Mara kumi. Nilipata nne, na mbili kati ya hizo nilibahatisha.

Unaniuliza inanisumbua nini. Uziwi wenyewe siuogopi sana, watu wanaishi nao na wanazeeka vizuri. Nilichoogopa ni wewe. Tangu utotoni unanijia na vitu mkononi, "Baba, sikiliza hiki." Spika ya redio, mota ya cherehani, mashine ya kunyolea ya mjomba wako. Umekua, umejua mambo ambayo mimi siyajui hata majina, lakini bado ulikuwa unaniletea nisikilize. Nilihofu kwamba siku utakapojua, hutaniuliza tena kitu chochote. Utaniuliza nimekula nini na nimelala vipi, kama wanavyoulizwa wazee. Ndiyo nikang'ang'ania kuwa Sikio mpaka nikakuharibia kazi. Nisamehe.

Nimekwenda kwa yule mjane. Nimesimama mlangoni kwake nikamwambia ukweli wote, kwamba kanda sikuisafisha kwa sababu siwezi kusikia uchafu wake, na kwamba mke wangu alisema uongo kunisitiri. Nilitegemea maneno makali. Akasema, "Basi ngoja mpaka upate sikio. Mimi sina haraka, na mwenyewe haendi popote." Kisha akaniletea kiti. Kanda ninayo tena, iko kwenye droo.

Rejeta nimeihamishia juu. Mama yako anasema kusukutua kumekwisha, mbu yupo.

Baba yako


Jumanne, 30 Aprili

Baba,

Nimeisoma dukani, kwenye stoo, na yule mkata vyuma akanisaidia kwa kelele zake kwa sababu nilikuwa nalia kwa sauti.

Sasa tufanye kazi.

Kwanza, kusukutua. Hewa kidogo huwa imebaki ndani ya maji, na hewa hupanda. Rejeta ikiwa chini, hewa inapanda mpaka kwenye pampu, na pampu inatafuna hewa badala ya maji. Kwenye redio kitu kizito hukaa chini, sawa. Huku ni mambo ya mabomba. Ningekuandikia sababu badala ya kukuandikia amri, usingekosea, kwa hiyo hilo ni langu.

Pili, mbu. Nimegundua pampu inakuja ikiwa imewekwa kasi yote. Kwenye mipangilio ya kompyuta kuna mahali pa kuipunguza. Nimeipunguza mpaka sitini kwa mia: joto limepanda digrii tatu tu, na mlio umepungua sana. Ila "sana" si kipimo. Nataka mtu wa kuniambia kilichobaki ni kiasi gani.

Tatu, daktari wa masikio. Nimeuliza, nimeandikiwa miadi yako, tarehe 9 Mei asubuhi, karatasi iko humu ndani. Nitakuja tarehe 8. Usiseme una kazi nyingi. Mama ataniambia.

Ripoti yangu kwa bosi imekamilika isipokuwa mstari mmoja. Joto, ufungaji, mipira, skrubu (mbili kati ya nane zilikuwa zimelika, nimeandika). Kwenye "Sauti" nimeacha wazi. Bosi ameuliza mpaka lini. Nimemwambia mpaka sikio la duka litoke matengenezoni, akasema, "Basi."

Na hata wakikwambia hakuna mashine ya kukufaa, nitakuja na vitu mkononi vilevile. Kiganja chako kilisema "kutetemeka kidogo", Baba. Pampu ilikuwa kasi yote, na kiganja kilikuwa kimeliona hilo kabla ya mtu yeyote. Mimi ndiye niliyelisoma nikalipita.

Bisibisi


Jumanne, 28 Mei

Bisibisi wangu,

Marahaba. Tangu uondoke ni wiki mbili na ushee, na mashine ya sikio ninayo siku nane. Kwa kuwa wewe ni mpimaji, nakupa ripoti.

Joto: haina. Ufungaji: inakaa nyuma ya sikio, mpira mwembamba unaingia ndani, kwa hiyo ni kama kipoozeo chako ila haina rejeta. Sauti: nyingi mno. Hakuna aliyeniambia kwamba suruali inapiga kelele mtu akitembea. Maji ya bomba yananipigia makofi. Jana niliruka kwenye kiti, kumbe nimegeuza ukurasa wa gazeti. Daktari amesema nianze saa chache chache jioni, ubongo uzoee, usijikaze. Naye nilimsikia kila neno, na anatamka vizuri sana, kizazi hiki nimekisingizia.

Sasa kipoozeo. Nimekaa nacho siku tatu, jioni, mara kwa kasi yote, mara kwa ile sitini yako. Mama yako alikuwa anabadilisha bila kunionyesha, nami namtajia. Mara kumi, nimepata tisa. Ile moja tumebishana.

Andika hivi, maneno yangu yenyewe: "Kinapoza vizuri kuliko bei yake. Pampu ikiwa kasi yote inaimba, na atakayerekodi sauti asikiweke hivyo. Ukiipunguza, inabaki pumzi ndogo, utaisikia ukiitafuta tu. Si kimya. Ni cha kuvumilika." Yule msomaji mwambie akikifunga tena, kompyuta aiweke chini ya meza, mbali na mdomo wake, pampu kwa sitini, ajaribu ukurasa mmoja kabla ya sura kumi na nne. Na kwenye kikadi usiandike miaka arobaini. Andika fundi redio, inatosha.

Kanda ya mjane nimeisafisha upya. Kumbe marehemu alikuwa na kikohozi kidogo kabla ya kila utani. Sikujua niondoe au niache. Nikamwita mwenyewe asikilize. Aliposikia kile kikohozi alishika meza, akasema niache, niache vyote.

Nina jambo jingine, nalo si la duka.

Asubuhi huwa navaa kofia nikiwa kwenye meza ya kazi, na mashine hubaki kwenye kiboksi chake mpaka jioni. Leo niliamka nikaivaa mapema, chini ya kofia, nione kama naweza kusikia mkwaruzo wa redio moja. Mama yako hakujua. Nilikuwa nimeinama nachomelea waya, macho hayapo kwenye kioo. Akaingia, akaniwekea chai pembeni, nikadhani atatoka.

Hakutoka. Alisimama nyuma yangu akaanza kuongea. Si kwa kuninong'oneza, ni kwa sauti yake ya kawaida, kama anayeendeleza jambo la jana. Kwamba dada yake amemjia ndotoni tena. Kwamba lile pazia jipya halipendi, alilichukua kwa sababu mimi nilionekana kulipenda. Kwamba goti linamsumbua, leo zaidi, ameshuka ngazi akihesabu.

Kwanza sikuelewa anaongea na nani. Halafu nikaelewa. Nikajitia hamnazo, bisibisi mkononi, nikiogopa hata kukohoa. Niliwaza, miaka miwili mtu huyu ananiletea chai na maneno, chai naipokea.

Alipoanza kutoka nikasema bila kugeuka, "Goti lipi?"

Akasimama. Nilisikia akisimama, mwanangu, nyayo zake zilinyamaza. Akasema, "La kushoto."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi," akasema. "Nimekuambia kila siku."

Nilizima kichomeleo. Nikavuta kile kiti cha wateja, nikamkalisha, nikakaa mbele yake, nikamwambia aanze mwanzo na asiruke kitu. Alilia kidogo, akanipiga begani kwa kumsikiliza kwa wizi, halafu akaanza. Ni saa kumi jioni sasa. Ameinuka mara moja tu, kubandika chakula, na hata huko jikoni aliendelea. Bado hatujamaliza mwaka juzi.

Baba yako